Mara Tatu, Halafu Moja

Taa ya injini iliwaka mara tatu, ikatulia, ikawaka mara moja. Nthenya aliinama dirishani mwa pikapu akaihesabu kwa sauti. Chini ya boneti alikuwa ameshaunganisha matundu mawili ya kisanduku cha plastiki kwa kipande cha waya. Wanaume wawili walisimama nyuma yake, uani kwake pale Mukuyuni, mmoja akicheka.

"Sasa shemeji, hiyo taa inakuongelesha?" Muthama aliuliza.

"Inaongea. Shida ni wewe hutaki kusikia."

Muthama alikuwa ndugu wa marehemu mumewe. Matanga hayajapoa, alikuja kusema pikapu ni mali ya ukoo, na kwamba tayari ameshapata mnunuzi, Mahamud, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Garissa. Hakumuuliza mjane angekula nini. Kwa pikapu hiyo Nthenya alibebea wakulima ndengu hadi sokoni, na kazi nyingine hakuwa nayo. Alimjibu waziwazi kwamba gari linaumwa, na haliondoki kabla yeye hajajua lina ugonjwa gani.

Mahamud alikuja mara mbili kulijaribu. Mara zote injini iliwaka, ikakohoa, ikazima, na taa ya manjano ikabaki pale pale. Mara ya pili hakungoja hata chai.

"Mimi nanunua gari, sinunui mgonjwa," alisema, akaenda zake.

Ndiyo maana siku hiyo Muthama alikuja na Ndeti, fundi wa malori wa Mtito Andei. Ndeti alikuwa fundi kweli, hakuna wa kubisha, ila wa magari ya zamani. Alifungua chujio la hewa, akamulika tochi huku na huku, akakuna kichwa.

"Kabureta iko wapi?"

"Haina," Nthenya alisema. "Hii ni ya kompyuta. Ukiunganisha hayo matundu kwa waya, gari yenyewe inakuambia penye inaumwa, kwa namba. Mume wangu alinifundisha kuhesabu."

"Na tatu-moja ni nini?"

Nthenya alifungua daftari la mumewe, akateremsha kidole chenye grisi ukurasa mzima.

"Hiyo hakuandika."

Ndeti alizitazama nyaya bila kuzigusa. Nyaya, alisema, ni kazi ya watu wa stima. Akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Muthama, kompyuta ya hii gari imekufa. Na mpya sijui utaitoa wapi. Hii sasa ni skrepu."

Muthama alinyong'onyea. Aliizunguka pikapu, akapiga gurudumu teke, akasema basi itavutwa ikauzwe kwa kilo. Nthenya akaenda kusimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Haivutwi. Skrepu ama si skrepu, haitoki hapa. Nitaitengeneza mwenyewe."

"Wewe? Ndeti ameshindwa, wewe uweze?"

"Mimi. Hata ikinichukua miaka kumi. Kama unataka kuivuta, anza kwa kunivuta mimi."

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya ua. Muthama aliwaona, akacheka kwa nguvu ili nao wasikie.

"Haya, kama unapenda vyuma hivyo, vikalie."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba gari ni yangu, na ukoo hautaidai tena. Nikihangaika nayo mpaka ipone, nisikuone hapa tena. Ndeti atakuwa shahidi."

Muthama aliandika, karatasi ikiwa juu ya boneti, huku akitikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Akatia sahihi, Ndeti naye akatia yake. Logibuku, hati ya umiliki wa gari, alikuwa amekuja nayo kwa ajili ya mnunuzi. Akamtupia, akamwambia ikamsaidie kuwashia jiko.

Nthenya aliwasindikiza hadi barabarani kwa heshima zote na kuwatakia safari njema. Alisimama pale mpaka walipopotelea kwenye kona.

Kisha akarudi, akafungua boneti, na kwa kidole gumba akaisukuma mpaka ikalia "ka" soketi ya nyaya aliyoilegeza mwenyewe siku Muthama alipokuja kuidai pikapu. Akawasha gari, taa ikazima, akaenda kubeba ndengu.