Sheria ya Siku Saba

"Asionje hata tone," Profesa alisema, na sauti ikamkwaruza kooni kama ilivyokuwa ikimkwaruza tangu juzi.

Madaktari wanne waliozunguka kitanda cha nane wakatazamana. Katika wodi hii, kila aliyepasuliwa saratani ya umio alikaa siku saba bila kumeza kitu, akilishwa kwa mrija, mpaka mshono wa ndani ushike. Sheria hiyo aliiandika Profesa mwenyewe miaka ishirini iliyopita. Ikampa cheo, ikampa safari za ndege, ikampa na picha yake kubwa pale mlangoni.

Daktari kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimshikia kompyuta mbele ya uso. Kwenye skrini kulikuwa na grafu.

"Profesa, tumehesabu tafiti zote tulizozipata. Kila mwaka watafiti wanaosema tuwalishe wagonjwa mapema wanaongezeka. Na mishono haivuji kama tulivyoogopa. Tumpe uji mwepesi, vijiko viwili tu."

Profesa aliitupia jicho bila kuinua kichwa. "Mstari unapanda, nimeuona. Hata homa hupanda."

Wote wakacheka, maana mkuu wa idara akitania, kucheka ni sehemu ya kazi.

Pembeni mke wa mgonjwa alikuwa ameketi na bakuli mapajani, anamtazama Profesa tu. Harufu ya uji ilimfikia Profesa, mate yakamjaa mdomoni. Alijionea aibu, mtu mzima na digrii zake zote, kuutolea macho uji wa mgonjwa.

"Mgonjwa mwenyewe anasemaje?" aliuliza daktari wa pili.

"Mgonjwa ana njaa," Profesa alijibu. "Mwenye njaa si shahidi."

Ikabidi wapige kura. Wawili walitaka uji. Wawili walichelea vibarua vyao kuota nyasi, na mmoja wao akanong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kura ya kuamua ilibaki kwa mkuu wa idara, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumkaimisha mtu, hata kwa wiki hii.

Profesa alifumba macho. Vijiko viwili tu, na kesho mji mzima ungejua kwamba kijana wa juzi amempindua na grafu yake. Miaka ishirini ya jina, iondoke kwa uji! Roho ilimuuma, iliuma kweli, lakini akainua mkono.

"Siku saba," alisema. "Leo ni ya tatu."

Daktari kijana akaandika kwenye faili, kisha wote wanne wakahamia kitanda cha tisa. Mke wa mgonjwa akaenda kumwaga uji kwenye sinki. Aliporudi, akamvutia Profesa shuka mpaka kidevuni.

"Haya, baba watoto," alisema. "Umewashinda."