Chumba Anacholala Paka

Baada ya miaka mitatu ya kununiana, Eun-shil alirudi kwa mama yake, mjini Wonju, kuchukua nguo zake zilizobaki. Hakumwarifu mtu. Alimkuta mama sebuleni akimenya figili, amevaa soksi mbili mbili, na baridi ya sakafu ikapenya hadi kwenye nyayo za Eun-shil. Nyumba za huko hupashwa joto kwa mabomba yaliyo chini ya sakafu, kila chumba na swichi yake.

"Mama, mbona hujawasha joto la sakafu?"

"Baridi gani? Mimi nimeshazoea. Nguo zako ziko kulekule."

Eun-shil akafungua mlango wa chumba chake cha zamani. Paka wa mama alikuwa amejinyoosha katikati ya sakafu, tumbo juu, miguu huku na huko, kama kitu kilichomwagika. Akainama amsogeze apate kupita, na kiganja chake kikagusa sakafu.

Ilikuwa ya moto. Chumba kizima kilikuwa cha moto, hadi pembeni palipokunjwa godoro lake na shuka safi juu yake.

"Umewasha lini huku?" aliuliza.

"Si huyo paka!" mama alifoka kutoka sebuleni. "Bila joto la chumba hicho haniachi nipumue. Mwaka wa tatu huu!"

Eun-shil alivua koti, akajilaza kando ya paka, shavu likagusa sakafu.

"Mama," akaita, "acha hizo figili. Njoo huku kwenye joto."