Swali la Kumi na Moja

Kila tarehe mosi, bomba la nyumba huuliza maswali kumi ya Kiingereza kwa dakika moja: hapa ni much au many, pale ni few au little? Asiyejibu, nyumba yake haipati maji mwezi mzima.

Kwa Mzee Shekue, mjibu alikuwa Mwasiti, mke mdogo. Bomba lilimsifu kwa jina, na mume akatabasamu kama kasifiwa yeye. Bi Mkubwa, Namsifu, aliyanywa maji hayo huku roho ikimchoma. Hata watoto wa tumbo lake walimwomba Mwasiti maji, si yeye.

Miezi sita alijifunza kimyakimya, akikariri huku akipepeta mchele. Leo Mwasiti alipoingia kuoga, Namsifu alisimama mbele ya bomba. Akajibu kumi, akapata kumi.

“Hongera, Namsifu,” bomba likasema.

“Hongera, Bi Mkubwa!” Mwasiti akaitikia kutoka bafuni, akapiga na kigelegele.

Kile kigelegele ndicho kilichomkera zaidi.

Likaja swali la kumi na moja, lile analoulizwa mshindi peke yake: nani watapata maji nyumba hii? Kwenye kioo cha bomba yakatokea majina saba aliyoyachagua Mwasiti mwezi uliopita. La kwanza lilikuwa Namsifu.

Akalitazama kitambo. Kisha akagusa majina sita.

“Bi Mkubwa,” Mwasiti akaita, “hebu nitazamie, maji yamekatika nami nina sabuni machoni.”