Matanga ya Dani

Mwalimu Reuben alipofungua mlango asubuhi, alikuta akina mama wamekwisha kuwasha moto uani kwake. Mikungu ya ndizi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na watu walizidi kutokea kwenye ukungu wa Julai. Pole fijo, pole sana mwalimu, walimwambia, kila mmoja akimshika kwa mikono miwili.

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Yote yalianza jana jioni. Betri alizozianika juani mchana kutwa zilimpa dakika chache tu za redio. Kipindi cha muziki wa roki kutoka Uingereza kilikuwa kimeshaanza, na mtangazaji alikuwa akieleza jinsi Dani alivyokutwa amekufa hotelini, tarehe kumi na nne Julai. Dani alikuwa mwimbaji ambaye Reuben alimpenda tangu chuo cha ualimu, na jana ndiyo ilikuwa tarehe kumi na nne. Kisha betri zikakata roho. Mwalimu mzima akakaa kizingitini, redio mapajani, akalia kama mtoto. Bibi Ikupa, jirani yake, akamkuta hapo.

"Dani amekufa, bibi."

"Ugenini?"

"Ugenini."

Kijijini Kisiba hawaulizi zaidi ya hapo. Habari za vifo vya ndugu wa mbali huletwa na redio, kila mtu anajua. Kwao mwalimu ni Lindi, na safari ya Lindi si ya mchezo. Basi kijiji kikaamua kwamba kama mwalimu hawezi kuufikia msiba, msiba utakaa kwake.

Alijua la kusema: marehemu ni Mzungu mpiga gitaa, hawajawahi kuonana. Lakini kila aliyeingia na kuni au unga alizidi kuufunga ulimi wake. Mzee Nsajigwa wa kanisani alitaka jina la marehemu ili aombewe Jumapili. "Danieli," mwalimu alinong'ona, akainamisha kichwa. Darasani kwake mtoto akidanganya huchapwa. Yeye aliletewa kiti.

Aliyelia kuliko wote alikuwa bibi Ikupa. Alijigaragaza akiita mwanangu, mwanangu, mpaka wanawake wakamshika. Reuben hakuthubutu kumtazama. Kumliza mwanamke wa umri ule kwa ajili ya mwimbaji wa redioni, aibu iliyoje.

Siku ya pili alikuja Fred, mjukuu wa bibi, fundi redio wa Tukuyu mjini. Huyo, tangu maduka yajae bidhaa za nje, hakosi betri mpya. Aliketi na wanaume, akasikia jina na tarehe, akamtazama mwalimu, kisha akabana kicheko. Bibi akamwita nyuma ya nyumba. Aliporudi hakuwa na kicheko tena. Alichukua shoka akapasua kuni mpaka jioni.

Usiku ule mwalimu hakupata usingizi. Fred anajua, na kesho kanisa zima litamwombea Mzungu wa watu kwa uongo wake.

Jumapili kulipopambazuka alimfuata bibi jikoni, akapiga magoti.

"Bibi, nimewadanganya. Dani si ndugu yangu. Ni mwimbaji wa redioni. Nitasimama kanisani niwaambie wote."

Bibi Ikupa alisukuma kuni motoni, hakugeuka.

"Fred kaniambia. Tena huyo mwimbaji wako kafa miaka tisa iliyopita, redio ilikuwa inakumbusha tarehe tu."

Mwalimu alikosa pa kuweka uso.

"Mwanangu Anyosisye alikwenda migodini Kitwe, kule Zambia, ana umri kama wako," bibi alisema. "Hakurudi. Nimengoja redio imtaje mpaka nimezeeka, na bila habari watu hawakai matanga. Usiwaambie, mwanangu. Niache nimalize kumzika."