Asumini za Bi Shemsa

Siku hizi, baridi ikiingia Makete, kila nyumba hupasha joto chumba kimoja tu, nayo hujichagulia yenyewe: kile cha anayependwa kuliko wote. Bi Shemsa alikuja na asumini zake kutoka Tanga, akazipanga sebuleni kwenye vyungu, akawa anazipangusa jani kwa jani. Nje umande uliganda. Sebuleni asumini zikachanua. Majirani wakamiminika.

“Hongera, Bi Shemsa! Makete nzima hakuna kama hizi!”

Bi Shemsa alicheka mpaka magego yakaonekana.

“Baba Rukia, umewasikia?”

“Nimewasikia,” mumewe mgonjwa alijibu kutoka kitandani, chumba cha pili, meno yakigongana. “Zinanukia hadi huku.”

Majirani wakatazamana. Bi Shemsa akaenda kuurudishia mlango wa mumewe, baridi isije ikapenya sebuleni.