Kadi Yenye Pembe

Jumapili, tarehe nne Mei, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama alichana nailoni ya boksi la kadi za mchezo wa vita vya madubwana, seti ya wanaoanza aliyomnunulia binti yake, akavuta kadi ya juu. Dubwana lenye pembe lilimkodolea macho.

"Shindwa!" Kadi ikaruka hadi chini ya meza.

"Dada, unakemea karatasi?" mdogo wake alicheka.

Mama hakumsikia. Alikuwa akilitazama jiko linalowaka, boksi la kadi mkononi.

Tangu wahamie mtaa huu, binti yake hakuwa na mwenzake wa kucheza naye. "Mama, ukizichoma nitacheza na nani?" binti aliuliza. "Huyo mwenye pembe ni mlinzi wako mchezoni. Wa kukushambulia ni mimi."

Mama aliinama, akaiokota kadi kwa ncha za kucha.

"Mbele za Mungu na mbele ya mama yako mdogo," alisema, "sizichomi. Nitacheza nawe, hata nikitetemeka."