Mgonjwa wa Ishirini

Mgonjwa wa ishirini hakuulizwa jina wala kabila, na Januari ile ya 2008, pale Kawangware, kutoulizwa kabila ilikuwa bahati kubwa kuliko kupona.

Alilazwa juu ya meza ya chakula, chumbani kwa Kasiva, amefunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu. Kilichoonekana ni jicho moja, sikio moja na ncha ya ndevu. Syokau, bintiye Kasiva, daktari wa macho aliyekuwa akisomea upasuaji wa kope, alimwinamia na mkasi mdogo. Mama mtu alikuwa kwenye kigoda akipuliza jiko, sufuria ya maji ikianza kuimba.

Ganzi hakumdunga. Kichupa kimoja tu kilibaki katika zahanati ya Riruta, na hicho kilikuwa cha Hope.

Hope alikuwa mtoto wa ploti hiyohiyo ya vyumba vya kupanga alimoishi Kasiva, miaka minne. Mwezi wa nane uji wa moto ulimmwagikia usoni, na kovu likaivuta kope yake ya juu ikawa kama pazia lililokatwa fupi. Alilala jicho wazi. Sasa jicho lilikuwa linakauka, linaingia ukungu. Mwalimu wa Syokau alikuwa akiufanyia utafiti mshono mpya, wa kipande cha ngozi ya nyuma ya sikio kushonewa kwenye kope, ila mikono yake ya uzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Alisema wazi: Syokau alete picha za kope ishirini zilizofunga bila kasoro, ndipo Jumatatu ampe kisu, yeye asimame kando. Zisipotimia, Hope angoje mpaka barabara za kwenda hospitali kubwa zifunguke. Na jicho halijui kungoja.

Kumi na tisa zilikuwa tayari kwenye simu ya Syokau.

Alianza kwa kunyoa nyuma ya sikio. Nywele zilikuwa nyingi hadi Kasiva akacheka kwamba huyu hajawahi kuonana na kinyozi tangu azaliwe. Syokau akakata kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, akakiweka juu ya kope na kuanza kushona.

Alikuwa kwenye mshono wa nne mlango ulipogongwa.

Alikuwa Wepukhulu, babake Hope, ambaye tangu kura zilete balaa alilinda geti la ploti kwa rungu. Kati ya watu wote wa ploti, huyu ndiye Syokau hakutaka ajue. Alikuwa ameambiwa tu kwamba binti wa Kasiva ana mkono mzuri. Kasiva akawahi kusimama mlangoni, pazia mkononi.

Wepukhulu alisema watu wanaongea. Wameona maji ya damu yakimwagwa kwenye mtaro. Wanasema humu ndani kuna mtu anashonwa.

"Mama Syokau, mnaficha mtu?"

"Sifichi mtu, Baba Hope."

Alichungulia juu ya bega lake. "Na hizo ndevu?"

"Ndevu anazo. Lakini si mzee."

"Ni wa wapi?"

"Kajiado. Jana alishushwa kwa lori pale Dagoretti."

"Kumbe Mmasai."

"Amelelewa na Wamasai," Kasiva alisema. "Yeye si Mmasai."

"Alipigia nani kura?"

"Hakupiga."

"Na wale alikuja nao?"

Kasiva aliangalia chini. "Walikuwa thelathini. Wameisha wote, Baba Hope. Jana hiyohiyo."

Wepukhulu akavua kofia. Rungu likashuka polepole hadi likagusa sakafu. Lakini alikuwa ametumwa, na wanaume wanne walikuwa getini wakingoja jibu. Akasema yeye hana ubaya na mtu. Ila siku hizi mdomo unadanganya, na kitambulisho nacho kinadanganya.

"Ulimi ndio haudanganyi. Mimi mpaka nipate ulimi wake. Hapo nitajua."

"Saa hii haiwezekani," Kasiva alimjibu. "Kuja jioni, kabla watu hawajajifungia. Ulimi wake utaupata wewe, wa kwanza."

Alipoondoka, Syokau aliurudia uzi. Akashona wa tano, wa sita, hadi wa kumi na moja. Kisha akaishika kope kwa koleo ndogo, akaivuta juu, akaiachilia. Ikashuka taratibu, ikafunga kabisa, kama mlango wa kabati la fundi mzuri. Akarudia mara tatu. Akapiga picha.

Ishirini.

Baada ya hapo akaufumua ule mshono wote, uzi mmoja mmoja, maana mama yake alikuwa amemwonya kwamba hataki kuona hata uzi mmoja.

"Umemaliza naye?" Kasiva aliuliza. "Maji yamechemka zamani."

Jioni Wepukhulu alikuja na rungu mkono mmoja, na Hope begani, amelala, jicho moja wazi. Ploti ilikuwa imekula githeri kavu, mahindi na maharagwe matupu, wiki mbili, lakini chumba hiki kilinukia kitunguu na dhania. Aliitazama meza. Ilikuwa tupu, imepanguswa, na juu yake sahani tatu.

"Mmemtorosha," alisema.

Kasiva akamvutia kiti. Kando ya jiko pembe mbili za beberu la mbuzi zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Akafunua sufuria, akazamisha mwiko, akaibuka na kipande kimoja kirefu, kinene, kinachofuka mvuke, akakiweka kwenye sahani ya mgeni.

"Ulimi wake huo, Baba Hope. Msikilize vizuri, halafu Jumatatu utuletee mtoto."